Mambo Kumi ya Kufanya Jambiani, na Nani Anayafanya

Kuna aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaigusa, nadhani kwa sababu hawaihesabu kuwa maandishi. Ni zile orodha za "mambo kumi ya kufanya ukiwa Zanzibar". Andika Jambiani, Paje au Nungwi kwenye simu yako uone kitakachokuja kwanza. Hautakuja utenzi, wala riwaya ya Adam Shafi. Itakuja orodha. Kwa watu wengi wasiowahi kuvuka kwenda Unguja, orodha hiyo ndiyo kitabu cha kwanza kuhusu kisiwa, na mara nyingi ndiyo cha mwisho.

Basi leo naomba tuisome kama tunavyosoma hadithi. Nani anasimulia? Nani anatenda? Nani ametajwa kwa jina, na nani yumo ndani ya ukurasa lakini haonekani?

Tuanze na vitenzi, maana orodha hizi zimejengwa kwa vitenzi. Furahia. Onja. Gundua. Tembelea. Pumzika. Vyote ni vya amri na vyote vinamwelekea mtu mmoja, yaani mgeni. Yeye ndiye mhusika mkuu, na kila kilichopo kisiwani kipo kwa ajili ya vitenzi vyake. Jua linazama ili alitazame, karafuu inanukia ili ainuse.

Halafu angalia kinachotokea pale mgeni anapohitaji kazi ya mtu mwingine. Lugha inageuka ghafla: utapelekwa, utapikiwa, utaandaliwa, utaonyeshwa. Utapelekwa na nani? Utapikiwa na nani? Kauli ya kutendwa ni kitu kizuri katika Kiswahili, lakini hapa imepewa kazi ya ajabu, kazi ya kumficha nahodha, mpishi na mwanamke aliyeamka alfajiri kukuna nazi. Wali wa nazi unafika mezani wenyewe. Ngalawa inatweka tanga yenyewe.

Pale mwenyeji anapojitokeza, anajitokeza kama sehemu ya mandhari. Katika orodha za pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kile kijisehemu cha wanawake wa mwani hakikosekani: "tazama wanawake wakivuna mwani katika mavazi yao ya rangi." Tazama! Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sehemu kubwa kimeshikwa na wanawake. Mtu anapiga vigingi mchangani, anafunga kamba, ananing'iniza vipande vya mwani kimoja kimoja, anasubiri wiki kadhaa, anavuna, anabeba mzigo wenye maji kichwani mpaka juu, anaanika, kisha anamuuzia mnunuzi aliyekuja na bei yake mfukoni. Aina yenye bei nzuri zaidi, ile ya kotonii, haivumilii joto la maji, na maji yamekuwa yakizidi joto. Hiyo ni hadithi yenye mhusika, yenye mgogoro, yenye adui asiyeonekana. Orodha imeona kanga tu.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Orodha haina saa. Jambiani maji yanapokupwa yanarudi nyuma mbali sana, karibu na mwamba unakovunjikia mawimbi, na kinachobaki ni uwanda mpana wa mchanga, matope na vidimbwi. Mgeni aliyeahidiwa bahari ya buluu anaamka asubuhi na kukuta bahari haipo, na nimewasikia wengine wakimlalamikia mtu wa mapokezi kana kwamba yeye ndiye aliyeichukua. Kumbe huo ndio wakati pwani inapokuwa na watu. Wanawake wako kwenye mwani, wengine wanachokoa pweza miambani kwa vijiti, watoto wanaokota chaza. Mtu wa Jambiani akisema anakwenda pwani, mara nyingi ana maana anakwenda kazini. Anajua bamvua itakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, anajua siku za maji mafu hazifai kwa shughuli fulani, anajua kwamba maji ya leo yatachelewa kesho kwa dakika hamsini hivi. Bahari kwake ni ratiba. Orodha imeigeuza kuwa picha, na picha haikupwi.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Orodha yenye namba inasawazisha kila kitu. Namba 4, safari ya mashamba ya viungo. Namba 5, soko la watumwa Mkunazini. Namba 6, machweo juu ya jahazi, kinywaji mkononi. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere, yuleyule aliyechapisha ngano za Waswahili mwaka 1870. Ukisimama uani pale, mbele ya zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, unahitaji muda. Orodha inakupa dakika arobaini na tano, kwa sababu jahazi linasubiri. Sidhani kuna mwandishi aliyekusudia ukatili huo. Ni umbo lenyewe linaloufanya. Ukiweka kaburi na kinywaji katika safu moja, kwa herufi zenye ukubwa mmoja, umeshasema jambo hata kama hukutaka kusema.

Ni hivyohivyo na Changuu, inayouzwa kama "Kisiwa cha Gereza". Gereza lilijengwa, ni kweli, lakini historia inayotajwa kidogo ni kwamba kisiwa kilitumika kuwa karantini. Gereza linauza zaidi. Wanakijiji wa fasihi tunalijua jambo hili: jina la kitabu likivutia, nani atauliza kilichomo?

Sasa mtasema, hayo ni ya Kiingereza, yana wasomaji wake. Jamani, siku hizi tunayo kwa Kiswahili. Na hapo ndipo nilipoamua kuandika. Nimesoma orodha za Kiswahili, zimeandikwa na watu wetu kwa ajili ya watu wetu, zinazomweleza msomaji kwamba chapati ni "mkate bapa wa kienyeji" na kwamba wenyeji wa kisiwa "wanajulikana kwa ukarimu". Msomaji gani huyo anayejua Kiswahili asiyejua chapati? Maandishi yamebadilishwa maneno, lakini jicho limebaki la mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Mtu wa Tanga au Mtwara anaisoma na kujikuta mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe. Kwangu hilo si kosa dogo la uhariri. Lugha iliyoandika bahari kwa karne nyingi, yenye majina ya kila upepo na kila hatua ya maji, inafundishwa kuitazama bahari kwa mshangao wa mtalii.

Ndiyo maana nairudia fasihi ya kisiwa hiki. Si kwa kuisifia tu, bali kwa sababu imekwisha kujibu swali la "kufanya nini hapa" kwa namna nyingine. Katika Kuli ya Adam Shafi (1979), ukingo wa bahari ni bandari, na jambo la kufanya ni kubeba mizigo, kudhulumiwa, halafu kugoma. Katika Vuta N'kuvute (1999), Yasmin anavuka kutoka maisha aliyopangiwa hadi Ng'ambo kwa Mwajuma, na mji uleule ambao orodha inauita "vichochoro vya kupotelea" unakuwa mahali ambapo mtu anajipata, tena kwa gharama. Zile njia nyembamba zina wapelelezi, zina vyama, zina taarabu usiku. Hakuna anayepotea humo kwa starehe.

Abdulrazak Gurnah anakwenda mbali zaidi. Katika Admiring Silence (1996), msimulizi anarudi Zanzibar baada ya miaka mingi Uingereza, na miongoni mwa vinavyompokea ni vyoo vilivyoziba. Nani ataweka hicho kuwa namba 1? Katika By the Sea (2001) anaupindua mchezo mzima: Saleh Omar, mzee aliyewahi kuwa na duka la samani kisiwani, anajikuta mkimbizi katika mji mdogo wa pwani huko Uingereza. Yeye ndiye mgeni sasa, na bahari ipo, lakini hakuna aliyemwandalia orodha. Na katika Theft (2025) tunaye Badar, kijana mtumishi anayeishia kufanya kazi hotelini Unguja. Hatimaye yule aliyefichwa ndani ya "utaandaliwa" anapata jina, historia na macho ya kuwatazama wageni. Nilipoimaliza riwaya hiyo nilizisoma upya zile orodha, na kila penye kauli ya kutendwa nilimwona Badar amesimama.

Simaanishi kwamba orodha ni sanaa duni kwa asili yake. Waswahili tumekuwa na waorodheshaji wakubwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anautembeza moyo wake ndani ya majumba ya Pate, mji mwingine wa kisiwani, akihesabu kimoja kimoja kilichokuwapo: taa, vidaka vya vyombo, watu. Kisha anahesabu kilichobaki: popo na ndege. Ile pia ni ziara. Tofauti ni kwamba mwongozaji wake anajua majina ya waliokaa mle, na anakwambia nawe utakwenda walikokwenda.

Najua pia upande wa pili, na siudharau. Kijana anayepeleka wageni mwambani kwa ngalawa anaishi kwa orodha hizo. Mwenye nyumba ya kulala wageni pale Jambiani anasubiri kusi na kaskazi kama wavuvi wanavyozisubiri, kwa sababu pepo hizo huleta Paje wale wateleza majini kwa tiara. Pesa ile inalipa ada za shule. Mtu asije akanielewa kwamba nataka orodha zifutwe. Nataka ziandikwe vizuri, na nataka wanaoziandika kwa Kiswahili wajue wana chombo kikubwa mkononi kuliko wanavyodhani.

Ingekuwaje? Ningependa kuona orodha inayoanza na maji: leo yanakupwa saa ngapi, na kwa hiyo nani yuko pwani saa ngapi. Orodha inayosema kwamba shamba la mwani ni shamba, na hupiti shambani kwa mtu bila kubisha hodi wala kumpiga picha bila kumwomba. Orodha inayotaja kazi kwa kauli ya kutenda: fulani anapika, fulani anashika usukani, na hiki ndicho unachomlipa. Orodha inayoiondoa Mkunazini katikati ya machweo na kuipa siku yake. Na inayomkumbuka msomaji wa Mtwara, ambaye chapati anaijua na hahitaji kufafanuliwa ukarimu, ila pengine hajui kwamba mwani ulioanikwa Jambiani unaweza kuishia ndani ya dawa yake ya meno.

Mpaka hiyo itakapoandikwa, ukienda, chukua Vuta N'kuvute kwenye begi. Maji yakijaa, ogelea. Yakikupwa, kaa kivulini usome, na wanawake wakipita na mizigo yao, wape shikamoo kwanza.