Siku Nzuri Haimaanishi Umepona

Filamu ya Ken Loach, I, Daniel Blake (2016), inaanza gizani. Unasikia sauti mbili tu: Daniel, seremala wa Newcastle aliyepata mshtuko wa moyo, na afisa anayemsomea maswali. Ati, unaweza kuinua mkono kama mtu anayevaa kofia? Jamaa anajaribu kueleza kwamba shida ni moyo, lakini moyo haumo kwenye fomu. Anapata alama 12. Zilihitajika 15.

Wengi huisifu filamu hii kwa hasira yake. Mimi naisifu kwa muda inaompa huyu mzee. Baadaye tunamwona akirekebisha nyumba ya Katie, mama wa watoto wawili, na mikono yake bado inaiweza kazi. Mbona hatumwiti mwongo? Kwa sababu tumekaa naye siku nyingi. Afisa alikaa naye dakika chache.

Ila Daniel ni kesi rahisi: moyo wake ni mbovu mwanzo hadi mwisho. Mwenye selimundu, ugonjwa unaojulikana sana Kisumu na Kilifi, anaweza kuwa arusini Jumamosi akicheka, na Jumatatu asiweze kusimama kwa maumivu. Akienda kupimwa siku ya nafuu, anaonekana mzima. Siku ya maumivu, hafiki kabisa.

Uingereza ina posho iitwayo PIP, iliyoanza 2013. Kanuni yake ni kwamba kikwazo kihesabiwe kikitokea zaidi ya nusu ya siku. Inasikika kama haki, si ndiyo? Hebu piga hesabu. Siku 3 kila wiki ni 156 kwa mwaka, chini ya nusu, kwa hivyo zinaweza kugeuka sifuri. Na ni mwajiri gani atakuvumilia ukikosa kazi siku hizo zote?

Huku kwetu, Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinahesabu hata ugonjwa wenye athari za muda mrefu kuwa ulemavu. Maneno tunayo. Fomu nazo ziulize: unaweza mara ngapi, na kesho yake mwili unakudai nini?

Daniel anafia msalani kabla rufaa yake haijasikilizwa. Hapo hakuna anayebisha tena kuhusu moyo wake. Lakini kama ni lazima mtu afe ndipo tumwamini, basi hata sisi watazamaji tuna fomu mfukoni.