Shingo ya Twiga wa Wamunyu

Chagua twiga mmoja wa kuchongwa kati ya kundi lililopangwa dukani, umgeuze polepole, na mabaka usiyatazame kwanza. Fuata nyuzi za mti: zimepanda wima kutoka kwatoni hadi masikioni. Miguu imesimama, shingo imesimama. Kiwiliwili, ambacho kwa haki kingelala, kimefupishwa kikawa mteremko tu. Mchongaji hakukosea vipimo. Sehemu nyembamba inayokata nyuzi huvunjika upesi, na gogo jembamba halina nafasi ya mgongo. Ndiyo maana hata mdomo umeinamishwa kuelekea kooni: ungenyooshwa mbele, ungekatikia ndani ya sanduku la mtalii.

Inasimuliwa Ukambani kwamba Mutisya wa Munge alijifunza uchongaji kwa Wazaramo, alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaja nao Wamunyu, hukohuko Ukambani. Mwana hiti, sanamu ya Wazaramo, naye ni gogo lililosimama: kichwa, matiti, kiwiliwili, basi, hana mikono wala miguu. Sisemi twiga ni mjukuu wake. Mwana hiti alikaa na mwali ndani, huyu anangoja mnunuzi. Ila wote wawili wanalikubali gogo lilivyo, hawashindani nalo.

Kazi hizi hudharauliwa kwa kuwa zinarudiwarudiwa. Mimi kurudiwa hakunisumbui; mkono uliochonga shingo ileile mara nyingi hujua wapi tezo isimame, na twiga mzuri hujulikana hapo, kwenye kona ndogo ambapo shingo inaingia begani bila kubonyea. Kinachonisumbua ni rangi. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Hiyo ilikuwa busara. Lakini mti mweupe ukisiribwa rangi ya viatu ili ujifanye mpingo, zile nyuzi zilizoongoza umbo lote zinafichwa, na jicho linabaki na mabaka peke yake. Mwarobaini uliopigwa msasa ukaachwa na rangi yake unasomeka vizuri zaidi.

Morani wa Kimaasai wa rafu ya pili simtetei. Mkamba anamchonga jirani yake kwa sababu mgeni amekuja akimtafuta Mmaasai, na uso wa morani huyo haumhusu mtu yeyote aliyewahi kuishi. Mchomoe mkuki ngumini, utabaki na nguzo yenye shuka.