Lugha ya Shakespeare: Hesabu ya Maneno na Haki ya Wasemaji

William Shakespeare alifariki mwaka 1616. Miaka saba baadaye, yaani mwaka 1623, wenzake wa jukwaani walikusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja. Tangu hapo lugha yake imefafanuliwa na walimu wengi, kila mmoja kwa kadiri ya elimu yake, na pamoja na ufafanuzi huo yamezagaa madai ambayo kwa muda mrefu hayakupimwa. Kozi ya bure iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na kufikishwa kwa wanafunzi kwa njia ya intaneti, ilikusudia kuyapima. Yafaa kozi hiyo nayo ipimwe, maana ina funzo kwa wanaoishughulikia lugha ya Kiswahili.

Njia yake ni nyepesi kuieleza, ijapokuwa utekelezaji wake ni kazi kubwa. Maandishi ya Shakespeare, ambayo ni kiasi cha maneno milioni moja, yamewekwa katika kompyuta. Kando yake yakawekwa maandishi mengi ya watu wa zama zake. Neno likitafutwa, hutokea pamoja na majirani zake yote. Hapo mwanafunzi huona mwenyewe neno lilitumiwaje, na nani, na mara ngapi. Wala halazimiki kumsadiki mwalimu kwa kuwa ni mwalimu.

Kwa mizani hiyo madai mawili makubwa hupungua uzito. La kwanza ni kwamba Shakespeare alikuwa na msamiati usio na kifani, unaotajwa mara nyingi kuwa maneno 20,000 hivi. Lakini aliyeandika mengi hapana budi atumie maneno mengi. Hugh Craig alionyesha katika utafiti aliouchapisha mwaka 2011 kwamba tamthilia zikilinganishwa kwa urefu ulio sawa, Shakespeare husimama katikati ya wenzake, si juu yao. Dai la pili ni kwamba alibuni maneno mengi mno ya Kiingereza. Dai hili lilipata nguvu kutokana na kamusi kuu ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928. Wasomaji waliokusanya mifano ya kamusi hiyo walivisoma vitabu vya Shakespeare kwa bidii kuliko vya watu wasio na jina, na kwa hiyo maneno mengi yakaandikwa kuwa yalionekana kwanza kwake. Maandishi ya zamani yalipoingizwa katika kompyuta, mengi ya maneno hayo yalikutwa kwa waliomtangulia.

Je, mtunzi amevunjiwa heshima? La. Amerudishwa miongoni mwa watu wake. Anayesema kwamba mtu mmoja aliiumba lugha huwanyang'anya wasemaji wake mali yao. Na anayedai kwamba lugha fulani ni bora kwa kuwa ilimpata mtu huyo, huzidharau nyingine bila ya ushahidi. Sifa ya kweli ya Shakespeare ni namna alivyoyatumia maneno ya wote.

Faida kubwa zaidi ya njia hii iko katika maneno ambayo sura yake haikubadilika ila maana yake imehama. Neno geni humsimamisha msomaji, akafungua kamusi; neno alilolizoea humpoteza naye asijue kwamba amepotea. Neno «presently» leo huweza kumaanisha baada ya kitambo. Zamani zile lilimaanisha papo hapo. Asiyejua maana haambiwi maana, husema Waswahili.

Mfano wa jambo hili uko pia katika Kiswahili. Mwaka 1969 Mwalimu Julius K. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi, akaiita Mabepari wa Venisi. Neno «bepari» lilitoka katika lugha za Bara Hindi, na maana yake ya asili ni mfanyabiashara tu. Lakini tafsiri hiyo ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati neno hilo lilipokwisha kuwa jina la mnyonyaji. Kadhalika, mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza amekuwa wengi. Msomaji asiyeijua historia ya neno hataona kwamba maana mbili zinakutana katika jalada.

Hata hivyo, hesabu ina mipaka yake. Kiingereza cha Shakespeare kilikuwa na «thou» na «you» kwa mtu mmoja. La kwanza lilikuwa la mdogo, la mpenzi, au la anayetukanwa. La pili lilikuwa la heshima. Mashine huweza kuyahesabu yote mawili, lakini kujua kwa nini mtu ameliacha moja akashika jingine katikati ya ugomvi ni kazi ya sikio na ya jukwaa. Mfasiri wa Kiswahili huijua taabu hiyo: «wewe» ni moja, na heshima au dharau haina budi kutafutiwa mahali pengine, katika «Bwana», «Mzee», «mwanangu», au katika ukali wa «wewe» lenyewe. Kozi inayofundisha kuhesabu yafaa ifuatwe na kusoma kwa sauti.

Linalobaki ni la nyumbani. Mara kwa mara husemwa kwamba neno fulani lilibuniwa na Shaaban Robert, au kwamba maana fulani ilianza kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huenda ni kweli. Lakini madai hayo yanahitaji mizani ile ile. Tenzi, barua, na magazeti ya zamani, pamoja na hati za Kiarabu zilizohifadhiwa Dar es Salaam na London, vyapaswa kuwekwa pamoja, vipekuliwe neno kwa neno, na kufunguliwa kwa kila mwanafunzi bila ya malipo. Hapo ndipo itakapojulikana mshairi alirithi nini kwa watu wake, na aliwaongezea nini.