Ufasaha na Ujuzi: Mfano wa Riwaya ya Kuli

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumpima mwandishi kwa utamu wa lugha yake. Mhakiki huorodhesha methali, tashbihi na misemo, kisha akaishia hapo. Desturi hiyo imewadhulumu hasa waandishi wa Unguja, kwa kuwa ufasaha wao huchukuliwa kuwa ndio hazina yao yote.

Adam Shafi ni mmoja wao. Katika Kuli (1979) anasimulia maisha ya Rashidi, mchukuzi wa bandarini, hadi kwenye mgomo wa 1948, ulioanza kwa makuli ukaenea mjini Unguja. Lugha ya kitabu ni safi, lakini siyo inayokibeba. Mwandishi anaijua kazi ya bandari: uzito wa mizigo na hatari yake, utashi wa wasimamizi, na jinsi mwili uliochakaa unavyoiacha familia bila riziki. Anajua pia kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia gharama ya maisha ilipanda na ujira haukuifuata. Kwa hiyo mgomo hauzuki kwa hasira ya shujaa mmoja. Unatokana na hesabu ambayo kila mfanyakazi aliweza kuifanya. Asiyekuwa na maarifa hayo ya uchumi na historia angelazimika kumtafuta mtu mwovu wa kumtwika lawama, na kisa kingegeuka kuwa ugomvi wa msimamizi na mchukuzi.

Katika Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed hali ni nyingine. Humo tamaa ya fedha ni maradhi ya moyo, na mwandishi, kusema haki, anayafahamu maradhi hayo kuliko wengi. Ujuzi wake ni wa nafsi za watu, si wa soko la kazi. Lakini huo nao ni ujuzi, wala haukutoka katika kamusi.

Hata hivyo, maarifa yana hatari yake. Kuna mahali katika Kuli ambapo mazungumzo juu ya umoja wa wafanyakazi yanakaribia kuwa darasa, na wahusika ni kama wanakaa kando ili nadharia iseme. Hapo ufasaha wa Adam Shafi haumfai kitu, na hakuna methali ambayo ingemwokoa. Kurasa zinazoonyesha kazi yenyewe zimekwisha kumfahamisha msomaji maana ya unyonyaji kabla neno hilo halijatajwa.