Jiko la Uani Meru na Embu: Anza na Maji

Wanaojenga majiko ya nje siku hizi Embu na Meru hudhani wanaleta jambo jipya. Mama zetu wa Runyenjes, Manyatta, Nkubu na Maua wamepika nje ya nyumba kubwa tangu zamani: kibanda cha mbao na mabati, mafiga matatu, moshi ukipenya chini ya paa. Kilichobadilika ni kwamba mwenye boma sasa anataka mgeni akae karibu na moto badala ya kusubiri sebuleni, na anataka mahali hapo pasimdai rangi, vanishi na fundi kila mwaka. Ukikagua majiko yaliyochakaa kabla ya wakati, utaona mara nyingi moto hauna hatia. Yameharibiwa na maji.

Embu hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Meru, iliyo upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, hupata mvua zake nzito zaidi katika msimu wa pili. Kisha huja Juni hadi Agosti, miezi ya ukungu na manyunyu, ambapo hakuna gharika lakini pia hakuna kinachokauka. Juu ya hayo kuna udongo wetu mwekundu wa volkano. Ni baraka kwa kahawa na chai, ila paa lisilo na gata likimwaga maji juu yake, tope huruka na kuuchora ukuta hadi magotini. Unapaka rangi Februari, na kufikia Mei ukuta umekuwa wa rangi ya matofali.

Dawa yake si rangi ya bei ghali. Ni gata kuzunguka paa, mkanda wa kokoto wenye upana wa sentimita 60 hivi chini ya ukingo wake, na sehemu ya chini ya ukuta kujengwa kwa mawe yasiyopigwa plasta wala rangi. Sakafu iinuliwe angalau sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi, na iteremke kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba kubwa. Fundi mvivu huusahau huo mteremko, na utamjua siku ya kwanza ya kupiga deki: maji yanakusanyika chini ya meza.

Maji hayohayo ni mali. Paa la mita 4 kwa 5, kwa mvua ya Embu, hupokea lita 24,000 kwa mwaka kwa hesabu ya karatasi. Ukitoa yanayopotea, bado tangi dogo litajaa na kumwagika mara nyingi, nawe huhitaji kuchimba mtaro wa bomba kutoka nyumba kubwa. Maji ya sinki yapelekwe kwenye shimo la kokoto lililopandwa migomba na nduma kandokando.

Kuhusu upande wa kuelekeza jengo, jiografia imeturahisishia kazi. Ikweta inapita kilomita chache kusini mwa mji wa Meru, na Embu iko kama nusu digrii tu kusini mwake. Jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo pande ndefu za paa zitazame kaskazini na kusini, ambako ukingo wa mita moja unatosha kutoa kivuli. Linalosumbua ni jua la saa kumi alasiri, linaloingia chini kwa chini kutoka magharibi. Upande huo jenga ukuta kamili, na uegemeze hapo sinki na makabati.

Moshi nao una njia yake. Jioni hewa hupoa juu mlimani na kuteremka kufuata mabonde. Meko yakiwa upande wa juu wa mteremko, wageni watalia machozi bila msiba. Kwa kawaida upande wa chini ni mashariki au kaskazini-mashariki kwa watu wa Meru, na kusini au kusini-mashariki kwa watu wa Embu, lakini kila boma lina bonde lake. Tazama moshi wa jirani unakoelekea saa kumi na mbili jioni kabla ya kupiga vigingi.

Kwenye meko, kosa linalorudiwa ni kujengea saruji pale panapoguswa na moto. Saruji huanza kupoteza nguvu joto linapopita nyuzi 300 hivi, kisha hupasuka na kumomonyoka. Tumbo la meko lijengwe kwa matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Saruji ibaki ganda la nje. Mawe ya mtoni yaachwe, hata kama yanapendeza: yakiwa yamenyonya maji yanaweza kupasuka kwa kishindo.

Katika mwinuko wa Embu na Meru maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo githeri huchukua muda mrefu kuliko Mombasa na huhitaji moto wa saa nyingi. Watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, akiwemo Mary Njenga, walijaribu na familia za Embu meko ya gesifaya, yaani yanayogeuza kuni kuwa gesi na kuiunguza, yanayotumia matawi ya mukima (mgrevilia) na magunzi ya mahindi. Yalitumia kuni chache na kutoa moshi kidogo kuliko mafiga, na mwishoni yakabakiza makaa ya kutumia tena au kurudisha shambani. Kwa chai na ugali ningeyachagua bila kusita. Kwa sufuria ya githeri, kujaza kuni upya kutoka juu ni usumbufu, na hapo meko ya matofali yanayolishwa kwa ubavuni yanashinda. Ukitumia gesi, kabati la mtungi liwe na uwazi chini kabisa, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Nyama choma isijengewe mnara. Pipa lililokatwa nusu, likawekwa miguu na wavu, litashika kutu baada ya muda, nawe utalibadilisha kwa gharama ndogo. La kuzingatia ni kuondoa jivu kabla halijanyeshewa, maana jivu lililolowa hula chuma haraka.

Kwa meza ya kupikia nina msimamo: teraso. Ni mchanganyiko uleule wa saruji na vipande vya marumaru uliomo katika majengo mengi ya zamani ya serikali na shule, na bado unang'aa. Haina viungo vya kushika mafuta. Ndimu na nyanya huila kidogo, basi pangusa mapema. Vigae vinavutia dukani, lakini mianya yake hugeuka myeusi kwa masizi na ukungu wa Julai. Kwa uwanja unaozunguka jiko, kabro kwenye kivuli nayo huota kuvu na kuteleza. Kokoto zilizozungushiwa ukingo wa mawe zinatosha.

Nguzo za mbao zisiguse udongo, mchwa hawalali. Zisimamishe juu ya vikalio vya zege.

Na usijenge kubwa. Ruracio (sherehe ya mahari) au sherehe ya Desemba ikija na watu 200, tenti na viti hukodiwa. Jenga paa la watu 15 au 20, mengine yawe nyasi tupu. Fedha zikiwa haba, zitumie kwa mpangilio huu: paa na gata, sakafu, kisha meza ya teraso. Makabati yanaweza kungoja mwaka ujao.