Kata Iliyo Chini Yake Yenyewe

Kwetu Tanzania Bara, vijijini pamepangwa kwa ngazi: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji. Ukitaka kompyuta ijumlishe kaya za Wilaya ya Serengeti, andika fanksheni moja inayojiita yenyewe. Ikifika mahali iulize kuna nini chini yake, ishuke, iulize tena. Ikifika kitongojini ihesabu, irudi juu. Mistari michache tu, na kwangu mimi ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa ambavyo mkono wa mtu unaweza kuandika.

Sasa, Mugumu ni jina la mji na pia ni jina la kata. Anayeingiza data akiunganisha mahali kwa majina badala ya namba, kata ya Mugumu huweza kuandikwa kuwa iko chini ya Mugumu, yaani chini yake yenyewe. Fanksheni inaiuliza kata, inajibiwa Mugumu. Inauliza tena, Mugumu. Python huikatiza programu ya namna hiyo miito iliyopandana ikikaribia 1000. Kitanzi cha kawaida hakina mlinzi huyo: feni ya laptopu itavuma, dirisha litaganda, ukibofya halitajibu, nacho kitazunguka mpaka ubonyeze Ctrl na C, au betri iishe.

Mwenye pupa huzima mashine, au huipandisha ile 1000 iwe laki moja, kisha programu huweza kufa ghafla bila kusema imeuawa na nini. Fundi huisimamisha, akaketi kusoma ilichoacha: jina la faili, namba ya mstari, jina la fanksheni, yale yale yakijirudia tena na tena. Kujirudia huko ndiko ushahidi. Anaongeza mstari mmoja wa kuchapisha jina la mahali kabla ya kila mwito, anaiendesha upya, na kioo kinamwambia: Serengeti, Mugumu, Mugumu, Mugumu. Anairekebisha rekodi kwa namba, kisha anaiwekea programu kumbukumbu ya mahali ilipokwisha kupita, ili kosa hilo likirudi litajwe badala ya kugandisha kazi.

Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba haiwezekani kuwa na programu moja ya kutazama programu yoyote ile na kusema kama itafika mwisho. Basi jicho la fundi halitastaafishwa.

Na huku kwetu jicho hilo lina kazi. Tangu 2015 wanaojitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye ramani ya OpenStreetMap, na shabaha mojawapo ni kuwasaidia wanaokwenda kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji. Palipo na safari kama hiyo usiku, orodha ya vijiji iliyoganda ni hatari.

Walimu wa kompyuta, msiwape vijana programu zinazokwenda vizuri peke yake. Wapeni na iliyoganda, muwaache waisome.