Ngazi za Usomaji: Mzazi Anavyoweza Kuutumia Upimaji wa Uwezo Nyumbani

Mwaka 2009 ulianzishwa katika Kenya, Tanzania na Uganda mpango wa upimaji ulioitwa Uwezo, ambao, tofauti na mitihani ya shule, ulimpima mtoto nyumbani kwao, awe ameandikishwa shuleni au hakuandikishwa. Wazo lake lilitoka India, ambako tangu mwaka 2005 shirika la Pratham lilikuwa likiwatuma watu wa kujitolea kupita kaya kwa kaya na karatasi fupi ya kusomwa. Karatasi ya Kiswahili iliyotumika Kenya na Tanzania ilipangwa kwa ngazi, kuanzia herufi au silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, na mwisho hadithi yenye maswali, na ngazi ya juu kabisa haikuzidi kile ambacho mtaala unamtaka mtoto wa darasa la pili akimudu. Takwimu za kitaifa zilizotokana na karatasi hiyo zimejadiliwa sana. Mpangilio wa ngazi zake, ambao unaweza kumwonyesha mtu asiye mwalimu mahali hasa mtoto alipokwama, umejadiliwa kidogo mno.

Mpango huo ulitarajia kwamba mzazi akielezwa papo hapo kiwango cha mwanawe atachukua hatua. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walilichunguza tarajio hilo katika vijiji vya Kenya, na katika makala yao ya mwaka 2014 walieleza kwamba wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao hawakuonekana kutenda tofauti na wale wasiopewa. Maelezo waliyoyatoa yanastahili kuzingatiwa: ili taarifa izae kitendo, lazima mzazi aielewe, aone kwamba jambo lenyewe ni wajibu wake, na ajue la kufanya. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe hajui kusoma amepewa habari nzito lakini hajapewa kazi, ilhali aliyeambiwa kwamba mtoto anazitambua silabi moja moja ila anashindwa kuziunganisha kuwa neno amekwisha kupata kazi ya jioni hiyohiyo.

Ngazi ya kwanza inahusu usimbuaji, yaani uwezo wa kugeuza alama zilizoandikwa kuwa sauti. Hapa Kiswahili kina neema kubwa, kwa sababu irabu zake ni tano tu, kila moja hubaki na sauti yake popote inapotokea, na silabi zake karibu zote huishia na irabu, isipokuwa chache kama m katika m-tu au n katika n-chi. Ndiyo maana walimu huanza na irabu, kisha huziunganisha na konsonanti: ba, be, bi, bo, bu. Hatari ya njia hii ni kwamba hugeuka wimbo. Mtoto huukariri mfuatano wote, akauimba huku macho yake yakitazama kwingine, na mzazi akaridhika kwamba anasoma. Kuthibitisha ni rahisi: silabi ziandikwe kwenye vipande vya karatasi, vipande vichanganywe, mtoto asome bi kabla ya ba, kisha aunde maneno kama ba-ba, bi-bi na ba-ta. Anayekwama hapo hahitaji kitabu kipya, anahitaji kuzizoea silabi zilizovunjwa mfuatano wake.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi, nayo ni ya mwambatano wa konsonanti, yaani konsonanti mbili au zaidi zinazotamkwa pamoja kabla ya irabu, kama mb, nd, mw na ngw. Sambamba nayo huja sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh na ny, na mtoto aliyezoea kwamba kila herufi ina sauti yake hujikuta mbele ya ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, zinazotofautishwa kwa alama ndogo ya ritifaa. Ngazi hii inahitaji subira na jozi za maneno ya aina hiyo, yasomwe na kuandikwa mara nyingi. Izingatiwe pia kwamba mtoto anayetamka "kula" mahali palipoandikwa "kura", kwa kuwa lugha ya nyumbani kwao haizitenganishi sauti hizo, huenda hakukosea kusoma. Akiulizwa maana ya sentensi na akaieleza sawasawa, kumkatiza kila mara kunamfundisha woga tu.

Kati ya neno na hadithi kuna ufasaha, yaani kusoma kwa usahihi na kwa kasi ya kutosha, kwani mtoto anayetumia nguvu zake zote kutambua silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Nchini Kenya, mpango wa Tusome, ulioingia katika shule za msingi za umma mwaka 2015, ulitumia kwa darasa la pili kigezo cha maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na maneno 65 katika Kiingereza. Kigezo cha Kiswahili kuwa cha chini si upendeleo: kitenzi kimoja kama "hawatatusomea" kina silabi saba, na ndani yake mna ukanushi, watenda, wakati, watendewa na kauli ya kutendea. Neno la namna hiyo lifunikwe kwa kidole na kufunuliwa sehemu kwa sehemu, ha-wa-ta, kisha tu, kisha somea, mpaka mtoto alione kama muundo unaojirudia katika maneno mengine. Kwa aya nzima, njia iliyoelezwa na S. Jay Samuels mwaka 1979 bado ni ya kutegemewa, nayo ni kurudia kifungu kifupi kilekile hadi kisomeke bila kusita ndipo kifuate kingine. Mzazi hutangulia kusoma, kisha wote wawili husoma pamoja, kisha mtoto husoma peke yake. Kwa njia hii, hata nyumba yenye kitabu kimoja ina nyenzo ya kutosha kuanzia.

Ngazi ya hadithi ndiyo inayowahadaa wazazi zaidi, maana wepesi uleule wa maandishi ya Kiswahili humwezesha mtoto kutamka ukurasa mzima bila kuelewa kitu. Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la usimbuaji ukizidishwa kwa ufahamu wa lugha yenyewe, na kuzidisha huko kuna maana, kwani kimoja kikiwa sifuri jibu nalo ni sifuri. Nusu hii ya pili haimtaki mzazi ajue kusoma. Bibi anayesimulia ngano akasita katikati na kuuliza kwa nini sungura alikimbia, au anayetega vitendawili kila jioni, anaujenga ufahamu huo hata kama anatumia Kisukuma, Kikamba au lugha nyingine ya nyumbani, mradi baadaye mtoto asaidiwe kuyapata maneno ya Kiswahili ya mambo hayohayo.

Kwa hiyo walimu wanaoandika ripoti za muhula wanaombwa wasiishie kwenye alama na nafasi ya mtoto darasani. Waandike pia kama amekwama kwenye silabi, neno, aya au hadithi, na wataje zoezi moja ambalo mzazi, hata asiyejua kusoma, anaweza kulisimamia nyumbani.